Shamba la Mkonge Ndani ya Kompyuta

Mtu wa Manundu hana haja ya kuelezwa mkonge ukoje. Ameuona kwenye mashamba ya Ngombezi na Magunga, mistari kwa mistari, majani yenye ncha za miiba. Lakini mwambie aujenge ndani ya kompyuta kwa 3D, yaani shamba linaloweza kuzungukwa na kutazamwa kutoka pande zote, ndipo atakapogundua kwamba kuona ni jambo moja na kuangalia ni jingine.

Kazi huanza na jani moja. Programu humpa msanii umbo rahisi, tuseme boksi, lililofungwa kwa nukta na mistari. Kila nukta ina vipimo vitatu: upana, kimo na kina. Msanii huzivuta nukta hizo, akalirefusha boksi, akalichonga ncha, akalibonyeza katikati. Jani likikubali, hulinakili na kulizungushia shina. Hapo jicho hufanya kazi kuliko mkono, kwa kuwa majani ya mkonge hupishana kwa mzunguko: machanga husimama katikati, makongwe hulala nje. Asiyelijua hilo ataishia kutengeneza nanasi.

Kisha huja rangi. Picha ya jani halisi huvishwa juu ya umbo, na programu huelezwa uso wake ung'ae kiasi gani. Shamba zima, kwa kweli, ni ujanja tu: mche mmoja hurudiwa maelfu ya mara, huu ukigeuzwa kidogo, ule ukipunguzwa, ili jicho lisishtukie.

Mwisho huwekwa jua na kamera, na kompyuta huachiwa ikokotoe namna mwanga unavyogonga kila kitu. Hapo ndipo uvumilivu hupimwa. Filamu huhitaji picha 24 kwa sekunde, hivyo dakika moja ni picha 1,440. Toy Story ya mwaka 1995, filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa yote kwa kompyuta, ilikula takriban saa 800,000 za mashine.

Afrika Mashariki nayo imo. Mwaka 2017 Raymond Malinga na studio yake ya Creatures, Kampala, walitoa filamu fupi ya 3D, A Kalabanda Ate My Homework, kuhusu mwanafunzi na zimwi la hadithi za shule za Uganda. Magofu ya Kilwa Kisiwani yalifuata njia nyingine: hayakuchongwa na msanii, yalipimwa kwa miale ya leza na picha za droni, na tangu 2020 yanatazamwa kwenye intaneti.

Gharama ya programu si kisingizio tena. Mwaka 2002 Mholanzi Ton Roosendaal alichangisha euro 100,000 ili Blender, programu ya kutengeneza 3D, iwe mali ya wote, na hadi leo hupakuliwa bure. Kijana anayetaka kuanza aweke akiba ya kompyuta yenye kadi nzuri ya grafiki. Hiyo ndiyo itakayomgharimu.