Kumbukumbu za Vita na Majengo ya Kale: Gitega na Muyinga

Mji wa Gitega, uliofanywa makao ya utawala wa Kijerumani mwaka 1912, ungali na boma la enzi hizo. Si mbali, huko Kibimba, pana kumbukumbu ya wanafunzi zaidi ya 70, wengi wao Watutsi, waliochomwa moto katika kituo cha mafuta mwezi Oktoba 1993. Je, wahanga wa 1972, waliokuwa hasa Wahutu, wajengewe nini? Kando ya mto Ruvubu, mwaka 2020, mabaki ya zaidi ya watu 6,000 yalifukuliwa. Maktaba ya Muyinga (2012) yatoa kielelezo: matofali ya udongo ulioshindiliwa, paa la mikaratusi, na baraza kwa desturi ya nyumba za Kirundi. Boma, kwa upande wake, lilijengwa litishe.