Kunyoa, Kunyolewa, Kunyoana: Nywele za Mwili wa Mwanamke katika Lugha na Desturi

1. Utangulizi

Wanaisimu wamezoea kuuchunguza mwili wa binadamu kwa njia ya majina ya viungo vyake: kichwa, mkono, jicho, moyo. Nahau nyingi zimekusanywa kuhusu viungo hivyo. Nywele za mwili, hasa za mwanamke, hazikupata bahati hiyo. Sababu yake inaeleweka: aibu huzifunika katika mazungumzo kama nguo inavyozifunika mwilini. Hata hivyo, jambo linalofunikwa na jamii nzima lina kanuni zake, na kanuni hizo huacha alama katika lugha.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo mawili. La kwanza ni jinsi Kiswahili kinavyozitaja nywele za mwili. La pili ni jinsi kitenzi "nyoa", kwa kunyambuliwa kwake, kinavyoonyesha nani mwenye amri juu ya mwili wa mwanamke. Mifano imetoka katika pwani ya Afrika Mashariki na katika kusini mwa Katanga. Mji wa Lubumbashi unafaa kwa uchunguzi kama huu kwa kuwa tangu kuanzishwa kwake mwaka 1910 umewakutanisha Waluba, Wabemba, Walamba, Wasanga, watu wa Kasai na wengineo. Kila kundi lilifika na mafunzo yake ya ndoa na ya msiba, na yote yakalazimika kuelezwa kwa lugha moja ya mji.

2. Majina ya nywele

Kifaransa hugawa nywele mafungu mawili makubwa. "Cheveu" ni unywele wa kichwa cha binadamu. "Poil" ni unywele wa mwili wake na pia wa mnyama. Kwa hiyo katika lugha hiyo unywele wa mguu wa mwanamke na ule wa mbwa huitwa kwa jina moja. Kiswahili hakikukata mpaka mahali hapo. "Nywele" ni neno pana la binadamu, na za kichwani ndizo hufikiriwa kwanza. "Manyoya" ni ya wanyama na ndege. Mtu akisemwa kuwa ana manyoya, hilo ni tusi au mzaha, kwa sababu ametolewa katika kundi la watu na kutiwa katika kundi la wanyama. Mpaka wa Kiswahili, basi, uko baina ya mtu na mnyama, wala si baina ya kichwa na mwili.

Ndani ya eneo la binadamu kuna majina mahususi. Nywele laini za mikono, miguu na mwili huitwa "malaika", na umoja wake ni "laika". Jina hili limefanana kwa sauti na "malaika" wa mbinguni, ambalo ni neno la asili ya Kiarabu na hutumiwa pia kwa mtoto mchanga. Mwanafunzi wa Lubumbashi aliyelizoea neno hilo kanisani hushangaa anaposoma katika riwaya ya pwani kwamba mtu aliyeogopa alisimamwa na malaika. Hapana kiumbe wa mbinguni aliyeshuka katika sentensi hiyo. Ni vinywele vya mwili vilivyosisimka. Inafaa kuangalia kwamba neno hili halina aibu wala dharau. Huweza kutajwa mbele ya wakwe.

Hali hubadilika kwa majina mengine. "Ndevu" ni neno la heshima likiwa la mwanamume, kwa kuwa huashiria utu uzima. Likiwa la mwanamke huleta kicheko au mnong'ono, ingawa "kidevu", chenye shina hilohilo, ni kiungo cha kila mtu. "Kwapa" ni mahali. "Kikwapa" ni harufu ya mahali hapo, na hutajwa kwa lawama. "Mavuzi", jina la nywele za kinena, limo katika kamusi lakini halimo katika mazungumzo ya adabu. Badala yake hutumiwa tasfida kama "nywele za sehemu za siri". Katika miji ya Kongo kuna njia nyingine ya kukwepa, nayo ni kuhamia Kifaransa, lugha ya shule na ya hospitali. Neno la kigeni halichomi sikio kama la mama.

Hivyo msamiati umepanga nywele za mwanamke kwa ngazi. Za kichwani ni fahari, malaika hayana neno, na kadiri nywele zinavyokaribia siri au zinavyofanana na za mwanamume, ndivyo jina lake linavyozidi kufichwa. Mpango huohuo unaonekana katika uchongaji wa Waluba. Sanamu zao za wanawake zina misuko mikubwa ya kichwani iliyochongwa kwa uangalifu, ilhali ngozi ni nyororo, haina unywele, na imepambwa kwa chale. Mapambo yanayohesabiwa mwilini ni yale yaliyotiwa na mkono wa binadamu.

3. Kunyoana: wembe katika ndoa

Kauli ya kutendana, "nyoana", yadai watu wawili wanaotendeana jambo moja. Kauli hii ndiyo inayofaa kueleza mafunzo ya ndoa ya Wabemba, watu ambao wengi wao walifika katika migodi ya Katanga kutoka Rhodesia ya Kaskazini katika miaka ya mwanzo ya mji. Audrey Richards alishuhudia sherehe ya kumwingiza msichana katika utu uzima, iitwayo chisungu, mwaka 1931, na kitabu chake kikatoka mwaka 1956. Mwalimu wa sherehe hiyo, nacimbusa, humfundisha msichana kazi za mke, heshima na miiko ya moto, pamoja na matumizi ya chungu kidogo cha ndoa ambacho kwacho mume na mke hujitakasa. Thera Rasing, katika utafiti wake wa mwaka 2001 juu ya miji ya Zambia, ameonyesha kuwa mafunzo ya namna hii hayakufa mjini. Yamebadili mahali na muda tu.

Katika mafunzo hayo kunyoana ni sehemu ya usafi wa wenye ndoa. Mke humnyoa mume, na mume humnyoa mke. Tendo hili lina maana kuliko usafi. Kumkabidhi mtu wembe karibu na mahali pa siri ni kumwamini. Aidha, mwenye haki ya kunyoa ni mwenzi wa ndoa peke yake, na kwa hiyo unywele wenyewe huwa shahidi wa uaminifu. Wengine huogopa hata kuziacha ovyo nywele zilizonyolewa, wasije wabaya wakazitumia kwa uchawi.

Pwani, kazi ya kumfundisha msichana ni ya somo au kungwi. Kabla ya harusi bibi harusi huondolewa nywele za mwili, husuguliwa singo na kupakwa hina. Msingi wa dini upo pia: Hadithi ya Mtume inahesabu miongoni mwa mambo ya maumbile, yaani fitra, kutahiri, kunyoa nywele za kinena, kunyonyoa za kwapa, kukata kucha na kupunguza masharubu. Riwaya nyingine inakataza kuyaacha hayo zaidi ya siku arobaini. Yafaa kusisitiza kwamba amri ya kinena na kwapa ni ya wanaume na wanawake sawasawa. Kwa upande mwingine, kunyonyoa nyusi kumekatazwa. Hivyo dini haikusema kwamba unywele wa mwanamke ni uchafu. Imetenga mahali na mahali.

Pamoja na tofauti zake, mila hizi mbili zina jambo moja la pamoja. Maarifa ya wembe yalikuwa na mwalimu anayejulikana, na msichana alikuwa na mtu wa kumwuliza.

4. Kunyolewa: wembe katika msiba

Methali isemayo "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji" imejengwa juu ya kauli ya kutendwa. Anayenyolewa hana la kusema. Zamu yake imefika. Maana hii ya kauli ya kutendwa huonekana waziwazi katika desturi za ujane.

Katika jamii nyingi za Kongo, Katanga ikiwamo, kifo cha mume kiliandamana na kunyolewa kwa mjane. Aliketi au kulala chini, alivaa nguo za msiba, na ndugu wa marehemu walimnyoa kichwa, pengine na nywele za mwili. Desturi hii ina maelezo yake. Nywele ziliota wakati wa uhai wa mume, kwa hiyo zinahesabiwa kuwa zimeshikamana naye. Kuziondoa ni kumfungua mjane kutoka kwa kivuli cha marehemu. Nywele mpya zitakazoota ni za maisha mapya. Kwa wanaoiamini desturi hii, kunyolewa ni rehema na kinga, na mjane aliyeachwa bila kunyolewa angeweza kujiona hajafunguliwa.

Lakini tafsiri hiyo haitoshi kueleza yanayotendeka. Kwanza, mume aliyefiwa hakunyolewa kwa ukali uleule, wala hakuchunguzwa kama mke. Pili, anayeshika wembe ni upande wa wakwe, ambao mara nyingi huwa katika mabishano na mjane juu ya nyumba, shamba na watoto. Wembe wa kufungua hugeuka kuwa wembe wa kuadhibu. Tatu, wembe mmoja ukitumiwa kwa wajane na yatima kadhaa, damu hukutana na damu, na virusi vya Ukimwi au vya homa ya ini huweza kupita.

Ulinganisho na pwani unasaidia. Huko mjane wa Kiislamu hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, akijiepusha na mapambo na manukato, lakini hanyolewi. Mapokeo ya Hadithi yanamlaumu mwanamke anayenyoa nywele zake kwa ajili ya msiba. Hata katika ibada ya hija, mwanamume hunyoa kichwa au hupunguza, ilhali mwanamke hupunguza ncha tu. Kwa hiyo watumiaji wa lugha moja wana alama mbili zinazopingana za huzuni ileile: huku nywele huondolewa, kule huachwa bila kupambwa.

Sheria nayo imeingia. Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara ya 16, inakataza kumtendea mtu yeyote kwa ukatili au kwa kumdhalilisha. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, ambayo Kongo iliiridhia mwaka 2008, imewataja wajane kwa jina katika ibara ya 20. Sheria haikatazi mtu kuomboleza. Inaloliuliza, kwa lugha ya sarufi, ni hili: je, mjane ni mtendwa tu, au ana nafasi ya kuwa mtenda?

5. Kujinyoa: wembe wa duka

Kiambishi "-ji-" humrudishia mtenda tendo lake. Methali husema "Kinyozi hajinyoi", na kwa muda mrefu ilikuwa kweli: kunyoa kulihitaji mwenzi, somo au jamaa. Wembe wa kiwandani uliibadili hali hiyo. Hataza ya King Camp Gillette ilitolewa Marekani mwaka 1904. Mwaka 1915 kampuni yake ilianza kuuza wembe wa wanawake, Milady Décolleté, wakati mitindo ya nguo zisizo na mikono ilipokuwa ikianza kuyafunua makwapa. Christine Hope, katika makala yake ya mwaka 1982, ameonyesha jinsi matangazo ya magazeti yalivyowafundisha wanawake wa Marekani kuona haya kwa ajili ya nywele ambazo mama zao hawakuzijali. Makwapa yalianza, miguu ikafuata.

Aibu hiyo ilisafiri pamoja na bidhaa. Leo katika maduka na saluni za Lubumbashi, mji unaopokea bidhaa nyingi kupitia mpaka wa Kasumbalesa, nyembe na krimu za kuondoa nywele zinapatikana. Msichana anaweza kujinyoa bila kumwuliza shangazi. Huo ni uhuru, lakini una upungufu wake. Ni rahisi kudhani kwamba "najinyoa" ni sentensi isiyo na bwana mwingine. Kumbe nyuma ya "-ji-" huweza kusimama tangazo, mchumba au kicheko cha wenzake.

Upungufu mwingine ni wa maarifa. Wengi huamini kwamba kunyoa huzidisha nywele na kuzifanya nene. Mildred Trotter alilichunguza jambo hilo mwaka 1928 na hakuona mabadiliko yoyote. Unywele ulionyolewa huhisiwa mgumu kwa sababu ncha yake imekatwa butu. Tena nywele zilizojipinda, kama zilivyo za Waafrika wengi, zikinyolewa karibu sana na ngozi huweza kuota kwa ndani na kuleta vipele na uvimbe. Aonaye vipele hivyo hudhani ni uchafu na kuzidi kunyoa. Kuhusu ndevu za mwanamke, vinywele vichache kidevuni ni jambo la kawaida. Vikiwa vingi na vikaambatana na kuvurugika kwa hedhi, huenda kuna mabadiliko ya homoni, mara nyingi yanayohusu ovari, ambayo daktari anaweza kuyashughulikia. Mwanamke wa namna hiyo ahitaji matibabu. Akiitwa mchawi au mwanamume, atajificha asitibiwe.

6. Hitimisho

Imeonekana kwamba Kiswahili hakina dharau ya asili kwa nywele za mwili wa mwanamke: neno "malaika" ni ushahidi. Dharau hutokea pale nywele zinapohusishwa na siri, na ujane, au na mpaka wa jinsia. Imeonekana pia kwamba swali la iwapo mwanamke anyoe au asinyoe si kubwa kama swali la nani anayeshika wembe. Kunyoana kwadai kuaminiana. Kunyolewa bila ridhaa huondoa heshima hata kama kunaitwa utakaso. Kujinyoa ni kwa hiari pale tu anayejinyoa anapoweza pia kutojinyoa bila kuchekwa.

Kazi ya wanafunzi wa Kiswahili ipo. Watunga kamusi wayaeleze majina haya yote kwa usahihi bila kuyafanya matusi. Walimu wa afya na wa elimu ya maisha, ambao kwa sasa hukimbilia Kifaransa, wapewe maneno yanayoweza kutamkwa darasani. Somo na nacimbusa wamepungua mijini, na nafasi yao haikujazwa. Mahali palipokosa neno, msichana huachiwa wembe peke yake, na mjane huachiwa kimya.