Sauti Haikui kwa Kupiga Kelele

Tamasha la kwaya likikaribia, mazoezi ya mara moja kwa wiki hugeuka ya kila jioni, saa tatu mfululizo, huku mwalimu akidai nguvu zaidi. Siku yenyewe ikifika, waimbaji kadhaa wa sauti ya kwanza wamekaukiwa. Lawama huangukia maji ya baridi au vumbi. Mimi nailaumu ratiba.

Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili midogo ndani ya zoloto, yenye misuli iliyofunikwa utando laini. Hewa inapotoka mapafuni, mikunjo hiyo hugongana. Mwanamke akiongea kawaida hugongana karibu mara 200 kwa sekunde. Akipanda kwenye noti za juu za sauti ya kwanza, hufika hata 800. Zidisha kwa saa tatu, tena kwa mtu anayepaza sauti, utaelewa kwa nini utando huvimba.

Ndiyo maana nasisitiza dakika 15 kila siku, kwa sauti ya chini, kuliko jioni moja ya kujichosha. Misuli hujifunza kwa kurudia na kupumzika, na mwili unaoimba kila siku hukumbuka wenyewe mahali pa kukaza na pa kulegeza.

Anza na pumzi. Weka viganja ubavuni, chini ya mbavu, vuta hewa hadi uhisi pande zote mbili zinatanuka. Mabega yatulie. Kisha itoe taratibu kwa "sss" nyembamba isiyotikisika. Ikiyumba mwishoni, umeivuta kupita kiasi au umeiachia upesi mno.

Halafu chukua mrija wa soda. Zoezi hili limevumishwa sana na mtafiti wa sauti wa Marekani, Ingo Titze, nami sijaona lililo rahisi na lenye faida kuliko hili. Uweke midomoni, uzibe vizuri, uimbe "uuu" kupitia humo, ukipanda kutoka chini hadi juu na kurudi bila kukatika. Bana pua kidogo: sauti ikikatika, hewa ilikuwa inavuja puani. Njia ikiwa nyembamba, hewa husukuma kurudi nyuma, na nyuzi hukutana kwa upole badala ya kupigana. Baada ya dakika tatu hivi, utasikia noti za juu zinakuja bila kulazimishwa.

Sasa imba do, re, mi, fa, so na kushuka, ukipandisha nusu toni kila mzunguko. Shingo ikikaza au kidevu kikiinuka, hapo ndipo mwisho wa leo, usivuke. Jirekodi kwa simu, kwani sauti yako unaisikia pia kupitia mifupa ya kichwa, ikisikika nene kuliko wanavyoisikia wengine.

Kuhusu maji: hayapiti kwenye nyuzi, huenda tumboni. Kwa hiyo kunywa tangu asubuhi, si dakika mbili kabla ya kupanda jukwaani.

Ukikaukiwa, nyamaza, kunong'ona kwa nguvu nako huchosha nyuzi. Hali ikizidi wiki tatu, muone daktari wa masikio, pua na koo. Huenda kuna vinundu, na vingi hupungua kwa mapumziko na kufundishwa upya namna ya kutumia sauti, bila kisu.