Pantoni Ndani ya Kompyuta

Hadithi, hadithi!

Najua mnavyoitikia: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Leo hadithi ije na utamu ukolee, ila uongo tuuache mlangoni pamoja na viatu. Mambo haya yalinipata mimi mwenyewe, na jasho lake nalikumbuka hadi leo.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Shangazi yangu alikuwa na steshenari Kigamboni, hatua chache kutoka kivukoni. Duka lenyewe chumba kimoja: mashine ya fotokopi, printa iliyopenda kukwamisha karatasi mteja akiwa na haraka, na kompyuta moja ambayo kibodi yake ilishafutika herufi A na E. Kazi yangu ilikuwa kutoa kopi za vyeti, kuchapa barua za maombi ya kazi, na kuwatolea watu picha kwenye simu zao na kuziweka kwenye flashi.

Asubuhi moja akaja mama anayeuza maandazi pale kivukoni. Akaniwekea mezani memori kadi ndogo kama ukucha, na flashi mpya ikiwa bado ndani ya plastiki yake.

"Mwanangu, humo mna picha za sendofu ya binti yangu. Simu inalalamika imejaa. Niwekee hizo picha kwenye flashi, halafu unifutie za kwenye kadi."

"Hamna shida, mama."

Hamna shida! Kweli ulimi hauna mfupa.

Nikafungua dirisha la kadi, nikafungua na la flashi. Skrini ya shangazi ilikuwa ndogo, kwa hiyo madirisha yakalaliana kama mikeka msibani. Picha za simu hukaa kwenye folda iitwayo DCIM. Nikaishika kwa kipanya, nikaanza kuiburuta kuelekea kipembe cha dirisha la flashi kilichokuwa kinachungulia kwa nyuma. Katikati ya safari kidole kikateleza. Natazama dirisha la kadi, DCIM haipo. Natazama la flashi, jeupe kama sahani iliyooshwa.

"Tayari?" mama akauliza.

Sikujibu. Feni ilikuwa inazunguka juu ya kichwa changu, nami nilikuwa natiririka.

Bahati yangu, binamu yangu aliyekuwa akisomea kompyuta chuoni alikuwa uani anakunywa chai. Akaja na kikombe mkononi, akatazama ile orodha ya folda kwenye kadi, akafungua moja iitwayo Download, ambayo kwa mpangilio wa alfabeti ilikaa chini tu ya pale DCIM ilipokuwa. Ndani yake, DCIM imetulia, picha zote zimo.

"Hukuipoteza," akasema. "Umeiangushia kwa jirani."

Mama alipoondoka na picha zake, binamu akanieleza kosa langu. Windows, akasema, ina desturi moja inayowaponza wengi. Ukiburuta faili kutoka folda moja kwenda nyingine ndani ya diski ileile, linahamishwa. Ukiliburuta kwenda diski nyingine, linanakiliwa, yaani la awali linabaki na pacha wake anaenda. Mkono unafanya kitendo kilekile, lakini matokeo ni mawili tofauti. Mimi nilikusudia kunakili kwenda kwenye flashi. Kidole kilipoachia njiani, folda ikahamia folda ya jirani ndani ya kadi ileile, tena bila kuulizwa swali.

"Wewe ulikuwa unarusha mizigo ng'ambo huku umefumba macho," akaniambia. "Kesho nitakuletea pantoni."

Kesho yake akaja na programu inayoitwa Double Commander. Ni ya bure, na inakubali kwenye Windows, Linux na macOS. Alipoifungua, skrini ikagawanyika katikati: kushoto orodha ya mafaili, kulia orodha nyingine ya mafaili, na chini kabisa safu ya vitufe. Akaweka kadi kushoto na flashi kulia. Kwa mara ya kwanza nikaona nilikotoka na ninakokwenda kwa mtupo mmoja wa jicho.

Wanaoishi Dar es Salaam wanajua ninachosema. Ukisimama kwenye pantoni inayotuvusha maji, huku unaiona Magogoni, kule unaiona Kigamboni. Hakuna anayeuliza pantoni inaelekea wapi, maana ng'ambo iko palepale machoni.

Hebu niwatoe Kigamboni kidogo, niwapeleke mbali, maana pantoni hii ilianza kuundwa zamani.

Mwaka 1984, huko Marekani, kijana aitwaye John Socha alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell. Kompyuta za PC za wakati ule kwa kawaida zilitumia mfumo wa DOS. Ukiwasha, unakutana na skrini nyeusi na kialama kinachokonyeza. Hakuna picha za kubofya. Ukitaka kunakili barua, unaandika amri kwa mkono: neno la kunakili, anuani ya barua ilipo, anuani ya inakokwenda. Ukikosea herufi moja, amri inagoma, unaanza upya. Na jina la faili halikuruhusiwa kuzidi herufi 8, kisha nukta, kisha herufi 3. Jina la "mwaliko wa sendofu" lisingeingia hata kwa kukunjwa.

Socha akatengeneza programu ya kumwondolea mtu adha hiyo. Mwaka 1986 kampuni ya Peter Norton ikaanza kuiuza kwa jina la Norton Commander: skrini ya buluu, pande mbili, safu ya vitufe chini. Watu wakaipenda, na wengine wakaunda za kwao kwa mfano wake. Mwaka 1993 Christian Ghisler wa Uswisi akatoa ya Windows, ambayo leo inaitwa Total Commander. Mwaka 1994 Miguel de Icaza wa Meksiko akatoa Midnight Commander, inayotumika sana kwenye Linux. Na hiyo Double Commander ya binamu imefuata nyayo za Total Commander. Vitufe vikuu havikubadilika. Aliyezoea kubonyeza F5 mwaka 1986, mkalishe leo mbele ya Double Commander, vidole vyake vitaijua njia.

Haya, turudi dukani. Binamu hakuniruhusu kugusa picha za mteja. Alinipa mazoezi, nami nawapa ninyi yaleyale. Yafanyeni kwa mafaili yasiyo na thamani.

Upande wa kushoto, bonyeza F7. Kitufe hicho huunda folda mpya. Iite Magogoni, kisha uiingie kwa Enter. Sasa bonyeza Tab. Unaona ule mstari wa rangi uliokuwa umelala juu ya jina la faili? Umerukia kulia. Mstari huo ndio wewe mwenyewe: ulipo mstari, ndipo uliposimama. Bonyeza F7 tena, unda folda nyingine, iite Kigamboni, iingie nayo. Rudi kushoto kwa Tab, tia ndani ya Magogoni mafaili matatu ya kuchezea, yawe abiria wetu.

Weka mstari juu ya abiria mmoja, bonyeza F5. Kabla hajaondoka, kunatokea kisanduku chenye anuani ya aendako. Hiyo ndiyo tiketi, isome. Ukiikubali, abiria anatokea Kigamboni, na Magogoni pia bado yupo! Hii pantoni ya kimiujiza kidogo: mtu anavuka na anabaki. Huko ndiko kunakili.

Sasa chukua wa pili, bonyeza F6. Huyu anavuka kweli, na Magogoni nafasi yake inabaki wazi. Huko ndiko kuhamisha. Tazama pande zote mbili kila ubonyezapo, utaona tofauti kwa macho yako.

Ukitaka kuvusha wengi kwa pamoja, tumia kitufe cha Insert kuwatia alama mmoja mmoja. Majina yao yanabadilika rangi, kisha unabonyeza F5 mara moja tu. F3 hukuonyesha kilichomo ndani ya faili bila kulibadilisha, F4 hulifungua ulihariri, na F8 hufuta. Kama ni laputopu na vitufe hivyo vinapandisha sauti au kupunguza mwanga badala ya kufanya kazi, shikilia kitufe cha Fn kwanza.

Ikitokea Kigamboni tayari kuna abiria mwenye jina lilelile, pantoni inasimama na kukuuliza: nimwondoe wa zamani nimweke huyu? Hapo usikimbilie kukubali. Unaonyeshwa ukubwa na tarehe za mafaili yote mawili. Majina yanaweza kufanana, na moja likawa ni insha uliyoimaliza jana, jingine ni ile uliyoiachia katikati wiki iliyopita.

Nikamuuliza binamu swali lililokuwa likinisumbua. Kwa nini nilipoiangushia DCIM kwa jirani ilihama kwa kufumba na kufumbua, lakini kuipeleka kwenye flashi kulichukua dakika nyingi?

Akaniambia diski ina daftari lake, kama la mjumbe wa nyumba kumi, linaloandika kila faili linakaa wapi. Ukihamisha ndani ya diski ileile, faili lenyewe halisogei hata unywele. Mjumbe anafuta mstari mmoja daftarini na kuandika mwingine. Hata filamu ya saa mbili huhama papo hapo. Lakini flashi ni mtaa mwingine wenye mjumbe wake. Huko lazima mzigo wenyewe ubebwe, kipande kwa kipande. Na ukitumia F6 kati ya diski mbili, programu hunakili faili kwanza, ikishamaliza ndipo inafuta la awali.

"Kwa picha za watu, usimwachie F6 kazi hiyo," binamu akasema. "Nakili kwa F5. Hesabu. Ukiridhika, ndipo ufute mwenyewe kwa F8. Na ukumbuke, kwenye Windows, kinachofutwa kwenye flashi au memori kadi kwa kawaida hakipitii pipa la taka. Kikienda kimeenda."

Kuhesabu nako ni rahisi. Chini ya kila upande kuna mstari mdogo unaotaja idadi ya mafaili na ukubwa wake. Ukiwa juu ya folda, gusa kitufe kirefu cha nafasi, programu itakujumlishia uzito wa vyote vilivyomo. Upande huu ukisema hivi na ule ukasema vile, kuna abiria aliyebaki gatini.

Ulipita kama mwezi mmoja hivi. Nikiwa dukani peke yangu, nikasikia, "Hodi!" Mama wa maandazi. Memori kadi mkononi, flashi ileile, ila safari hii hakukaa kwenye kiti cha wateja. Alizunguka meza akaja kusimama nyuma yangu. Sikumlaumu.

Nikafungua Double Commander. Kadi kushoto, flashi kulia. Nikabonyeza F5, nikamsomea tiketi kwa sauti, nikaikubali. Mstari wa kijani ukatambaa taratibu hadi ukajaa. Sikusema "tayari". Niliingia ndani ya folda ya picha pande zote mbili, nikamwonyesha ile mistari ya chini.

Mama akaweka kidole kwenye skrini, kikaacha alama ya mafuta ya maandazi.

"Huku imeandikwa mia mbili na kumi na nne."

"Ndiyo, mama."

Kidole kikavuka kwenda kulia. "Na huku mia mbili na kumi na nne."

"Ndiyo."

"Fungua moja ya huku nione."

Nikabonyeza F3 upande wa flashi. Bibi harusi mtarajiwa akatokea, amevaa kijani, anamlisha mama yake keki.

Mama akatazama kimya, kisha akarudi kwenye kiti cha wateja, akaketi.

"Haya," akasema, "sasa futa."