Samaki Wamehesabiwa, Na Mvuvi Je?

Ukipita jioni sokoni Kawangware au katika vichochoro vya Kibera, utakaribishwa na harufu ya omena na mgongo wazi wakikaangwa kando ya njia. Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena hufungwa katika Ziwa Victoria upande wa Kenya ili samaki hao wazaane. Ni jambo jema. Lakini je, umewahi kumwuliza mama anayeuza omena kwa gorogoro anavyolisha wanawe miezi hiyo minne?

Swali kama hilo huulizwa Pwani kuhusu hifadhi za baharini. Zile za Malindi na Watamu zilitengwa mwaka wa 1968, na ya Mombasa mwaka wa 1986. Ndani ya mbuga ya baharini ni marufuku kuvua. Kwa miaka mingi wataalamu walipiga mbizi wakihesabu samaki na matumbawe. Aliyezoea kutega malema mahali pale hakuhesabiwa.

Matokeo yake yalionekana kusini mwa Mombasa. Mwaka wa 1995 serikali ilitangaza hifadhi ya Diani-Chale. Wavuvi waliikataa katakata, ikabaki kwenye karatasi.

Siku hizi watafiti hubisha hodi nyumbani pia. Huuliza: samaki mangapi yaliuzwa leo? Paa ni la makuti au mabati? Karo imelipwa? Mama karanga, anayenunua samaki ufuoni na kuwakaanga, ana sauti katika kamati ya ufuo? Na fedha za watalii humfikia nani? Maswali hayo hurudiwa mwaka baada ya mwaka, na katika vijiji vilivyo mbali na hifadhi pia, ili ijulikane kama mabadiliko yameletwa na hifadhi au na mambo mengine.

Wananchi wakishirikishwa, mambo hugeuka. Kule Kuruwitu, Kilifi, wavuvi wenyewe walifunga takriban hekta 30 za bahari mwaka wa 2005. Mwaka wa 2017 walitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Wewe wa Kibera unalielewa hili kuliko wengi. Kwa miaka mingi ilidaiwa kwamba mtaa wako una watu milioni moja au zaidi. Sensa ya 2009 ikapata 170,070, na ubishi ukazuka. Tena, ni mara ngapi umejaza fomu za watafiti, wasirudi kukueleza walichogundua?

Basi mwanafunzi, kesho ukitumwa na karatasi za maswali, iwe Kibera au Kisite, kumbuka kurudisha majibu kwa waliokupa. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwulize anayekilalia.