Funguo Zikishatolewa, Lifti Italipiwa na Nani?

Mfanyakazi wa Kenya mwenye mshahara wa shilingi 50,000 kabla ya makato hukatwa shilingi 750 kila mwezi kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri wake huongeza 750 nyingine. Ni asilimia 1.5 kwa kila upande, inayokusanywa na Mamlaka ya Ushuru, KRA. Miongoni mwa wanaokatwa wamo watu ambao hawataishi kamwe katika nyumba hizo, na wamo wanaolipa mkopo wa nyumba zao wenyewe. Kwa hiyo wakiuliza maswali makali, wana haki.

Mahakama pia ziliuliza. Makato yalianza Julai 2023 kwa nguvu ya Sheria ya Fedha ya mwaka huo. Novemba 28, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kwamba yanakiuka Katiba: hayakuwa na msingi kamili wa kisheria, na yaliwabagua wenye ajira rasmi. Mahakama ya Rufaa ilikataa kusimamisha uamuzi huo Januari 2024. Serikali ikarudi Bungeni, na Machi 19 Rais William Ruto akatia saini Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, inayomgusa kila mwenye kipato, awe ameajiriwa au amejiajiri. Sheria hiyo iliunda hazina na bodi yake, na ikawagawa wanaohitaji nyumba kwa kipato: anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi yumo katika kundi la nyumba za kijamii, na wa kuanzia 20,000 hadi 149,000 katika kundi la bei nafuu.

Tangu hapo, usimamizi wa mpango huu umezungumzwa kwa hesabu mbili: shilingi zilizokusanywa na nyumba zilizokamilika. Zote mbili ni za lazima, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ana wajibu wa kikatiba wa kuzipitia. Hata hivyo, historia ya Nairobi inanishawishi kwamba ipo hesabu ya tatu yenye uzito kuliko hizo, nayo haisomwi siku ya kukata utepe. Mtaa ukishajaa watu, utatunzwa kwa pesa zipi, na nani atawajibika?

Chukua Dandora. Katikati ya miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, zilipimwa ploti zipatazo 6,000, kila moja ikawekewa maji, choo na bomba la maji taka, halafu mwenye ploti akaachiwa ajenge vyumba vyake polepole. Lilikuwa wazo zuri, na bado naliheshimu. Lakini waliopewa ploti hawakuwa na mtaji, na wengi walijenga vyumba vya kupangisha au wakauza. Baadaye maghorofa ya wapangaji yakapanda juu ya ploti zilizokusudiwa familia moja na wapangaji wachache, huku mabomba chini ya ardhi yakibaki yaleyale. Kando yake kulikuwa na jaa kuu la taka la jiji. Jaa hilo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na malori yakaendelea kumwaga. Mradi ulitimiza idadi ya ploti zake. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka na bajeti ya kulinda mtaa mwaka wa ishirini, na wa thelathini.

Kibera ina somo lake. Septemba 2009, familia kutoka Soweto Mashariki zilihamishiwa kwenye nyumba 600 za muda kule Lang'ata ili eneo lao lijengwe upya. Kwa kuwa nyumba hazikutosha, familia kadhaa ziligawana nyumba moja, kila moja na chumba chake, jiko na choo vikiwa vya wote. Baadhi walipangisha vyumba hivyo kwa wenye uwezo zaidi, wakarudi mabandani. Wapo waliowaita wasio na shukrani. Naiona hukumu hiyo kuwa ya kikatili. Mama anayeuza mboga au kufua nguo za watu hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Anapata leo, kesho hapati, ilhali kodi, stima na maji vina tarehe zake.

Sasa mfikirie mama huyohuyo katika ghorofa ya tisa. Lifti inakula umeme. Pampu ya kupandisha maji kwenye tangi la paani inakula umeme. Mlinzi, mzoa taka na taa za ngazi vyote vinataka pesa, na hakuna kimoja kinachoingia katika bei inayotangazwa ya nyumba. Vinalipwa kwa ada ya huduma ya kila mwezi. Wa ghorofa ya chini atauliza kwa nini alipie lifti asiyoipanda. Wachache wakiacha kulipa, ada haitoshi, pampu inaharibika, na maji yanarudi kubebwa kwa mitungi ngazi hadi ngazi. Hapo mtoto, mzee na mgonjwa ndio wanaoumia kwanza.

Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020 inataka wamiliki wa jengo wawe na shirika lao la kusimamia sehemu za pamoja, kukusanya michango na kuweka akiba ya matengenezo. Ni chombo kizuri, ila kimejengwa juu ya wamiliki. Wengi katika mpango huu wananunua kwa malipo ya miaka mingi, na kwa kawaida mnunuzi wa namna hiyo hupata hatimiliki akimaliza deni. Katika kipindi hicho kirefu ni nani mwenye kura kuhusu lifti? Akibaki mpangaji tu machoni pa shirika, ataambiwa alipe bila kusikilizwa.

Swali hili si la nadharia. Mei 2025 familia za kwanza zilikabidhiwa funguo za nyumba 1,080 huko Mukuru, Nairobi, katika mradi uliokusudiwa kufikia nyumba zaidi ya 13,000. Watu wa Mukuru wanajua kujipangia. Kaunti ilipolitangaza eneo lao kuwa la mipango maalumu mwaka 2017, wakazi walishiriki kwa maelfu kueleza barabara, mifereji, shule na zahanati wanavyovitaka. Uchunguzi wa wakati huo ulionyesha pia kwamba walikuwa wakinunua maji kwa bei ya juu kuliko mitaa rasmi ya jiji.

Watu kama hao hawahitaji kufundishwa kudai hesabu. Wanahitaji kuonyeshwa daftari. Bodi ichapishe kwa kila mtaa, kila mwaka, kiasi kilichokusanywa kwa ada ya huduma, kilichotumika kwa pampu na lifti, na kilichowekwa akiba. Kwa kaya zilizo chini ya shilingi 20,000, sehemu ya ada hiyo ilipwe na hazina yenyewe kwa miaka ya mwanzo, maana kumpa mtu nyumba asiyoweza kuiendesha ni kumpa deni. Na kamati ya wakazi, ikiwajumuisha wale ambao hawajamaliza deni, ichaguliwe kabla ya mkandarasi kuondoka, wakati bado anaweza kuitwa kurekebisha bomba linalovuja kwa gharama yake.