Kibali cha Nyumbani Si Kibali cha Biashara

Siku hizi si ajabu kumwona karani wa chama cha ushirika huko Molo, Njoro, Bahati au Subukia akiandika hesabu ya maziwa na viazi kwa simu, badala ya daftari. Jambo hili ni jema. Lakini yafaa kila mkulima afahamu kwamba programu inayotolewa bure haikosi masharti.

Programu hizi hazitegemei simu yako peke yake. Hutegemea mitambo ya kampuni iliyo mbali, ambayo huifikia kwa njia ya intaneti. Kwa hiyo hukununua kitu. Umepewa ruhusa tu ya kutumia, nayo ruhusa hiyo ndiyo kibali. Mwenye mitambo aweza kuiondoa ukivunja masharti uliyoyakubali siku ile ulipobonyeza neno "Nakubali".

Wakulima wa skimu hawahitaji kufundishwa sana habari ya masharti. Wazee waliopewa mashamba katika mpango wa ekari milioni moja, ulioanza 1962, walilima na kuvuna, lakini hawakuweza kuuza shamba bila idhini wakati deni la settlement lilipokuwa halijaisha. Kukaa mahali ni jambo moja, na kupamiliki ni jambo jingine.

Hebu tutazame mifano. WhatsApp ya kawaida ni ya mazungumzo ya watu binafsi, na masharti yake hayaruhusu kazi isiyo ya binafsi bila idhini ya kampuni. Ndiyo sababu mwaka 2018 ilitolewa WhatsApp Business, ambayo mwenye biashara ndogo huipata bila malipo. Hata hiyo, anayewatumia ujumbe watu wengi wasiomwomba aweza kufungiwa namba yake, na wanunuzi wake wote wakampotea kwa siku moja.

Google Earth Engine huonyesha hali ya mimea na mvua kwa picha zilizopigwa kutoka angani. Mwanafunzi au mtafiti hupewa bure, lakini tangu 2022 kampuni inayoitumia kwa faida, kama kuuza mashauri kwa wakulima, hutakiwa kulipa. Nayo Microsoft huuza programu za nyumbani na za ofisi kwa vibali mbalimbali. Cha nyumbani ni cha bei nafuu, lakini hakikuwekwa kwa kazi ya chama.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni hii: hesabu za chama kuwekwa katika akaunti ya mtu mmoja. Tuseme karani amefungua akaunti ya bure ya Google kwa jina lake. Kibali ni chake, si cha chama. Akiacha kazi, au akifariki, nani ajua neno la siri? Tena, akaunti ya binafsi isiyotumiwa kwa miaka 2 Google yaweza kuifuta pamoja na yote yaliyomo. Hapo mkulima aliyepeleka maziwa miezi mitatu hana pa kuonyesha haki yake.

Basi, kamati za vyama zifanye hivi:

1. Kabla ya kuanza kutumia programu, msomeni masharti, hasa mahali palipoandikwa juu ya matumizi ya biashara.

2. Akaunti ifunguliwe kwa jina la chama, na viongozi wawili wajue neno la siri.

3. Kila mwisho wa mwezi hesabu zipigwe chapa na kuwekwa katika faili ofisini.

4. Gharama ya kibali iingizwe katika makisio ya mwaka, kama vile gharama ya dawa ya josho.

5. Msinunue programu zilizoibwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huzilinda programu za kompyuta kama vitabu, na mvunjaji aweza kushtakiwa.

Shilingi chache za kibali ni nyepesi kuliko hasara ya kupoteza hesabu za wanachama wote. Tahadhari kabla ya hatari.